Korongo Wekundu wa Shemegi Kombo

Namshukuru Mwenyezi Mungu, aliyeitandaza bara na akaimimina bahari, akawapa viumbe wengine miguu mifupi na wengine miguu mirefu, na kila mmoja akampa riziki yake pale pale alipomsimamisha. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu, na jamaa zake, na masahaba zake, na kila aliyeishika njia yao. Baada ya hayo, ndugu zangu mlioniuliza barazani, nanyi mlionisimamisha njiani nikawajibu nusu nusu kwa kuwa nilikuwa nawahi sala, haya ndiyo yaliyotupata mimi na shemegi yangu Kombo tulipokwenda bara.

Wengi wenu mnaijua sababu ya safari. Naiandika kwa ajili ya atakayesoma naye hatujui.

Kombo ni mume wa dada yangu, Bi Time. Ujanani mwake, miaka michache baada ya Mapinduzi, alikwenda bara kuendesha trekta katika mashamba ya ngano chini ya mlima Hanang. Aliporudi Mtambile akaeleza kwamba huko kuna ziwa katikati ya nyika, liitwalo Balangida, na ndani ya ziwa hilo husimama korongo wekundu, wengi hata maji hayaonekani. Korongo sisi Wapemba tunamjua: ndege mrefu wa miguu, wa kijivu au mweupe, anayesimama kwenye mikoko maji yakitoka. Korongo mwekundu hakuna aliyemjua. Kombo alileta na picha, lakini ilikuwa picha ya nyeusi na nyeupe, na ndani yake mlikuwa na vidoa vyeupe juu ya kitu cheupe. Watu wakapokezana ile picha, wakasema, "Hawa yangeyange, Kombo. Hata hapa bondeni kwenye mpunga wamejaa." Toka siku hiyo akaitwa Kombo Ndege, na mtu akisema jambo lisiloingia akilini, Mtambile nzima humjibu, "Hiyo korongo wekundu hiyo."

Jina la utani kwetu si jambo, kila mtu analo lake. Lakini mwaka jana lilifika pahala pasipofaa. Jioni ya ishirini na tisa Shaabani watu walitoka kutazama mwezi, na mimi nilikuwa nimelala na homa. Kombo akasema ameuona, mwembamba, juu kidogo ya minazi. Mzee Bakari, ambaye ndiye anayesimamia shughuli hiyo kijijini, akamuuliza, "Mwezi huo, Kombo Ndege, ni mwekundu?" Watu wakacheka, na ushahidi wake haukupokelewa. Baada ya isha redio ikatangaza kwamba mwezi umeonekana, tukala daku, tukafunga. Hakuna aliyekwenda mlangoni kwake kumwambia kuwa alisema kweli.

Nyinyi mnajua uzito wake. Mtu ambaye neno lake halichukuliwi katika mwezi, kesho halichukuliwi katika ndoa, na kesho kutwa halichukuliwi katika mpaka wa shamba lake mwenyewe.

Karafuu zilipokwisha kuanikwa, Kombo akaja kwangu baada ya alasiri. Hakukaa kitako.

"Maalim," akasema, "weye neno lako linachukuliwa. Chwende ukaone."

Nikamwambia, "Nikiwaona nitasema nimewaona. Nisipowaona, shemegi, nitasema sikuwaona. Siwezi kukusitiri katika hilo."

"Ndiyo maana nimekuja kwako. Nataka ushahidi, sitaki huruma."

Basi tukafunga safari.

Mtambile mpaka Tanga

Bi Time alitufungia mikate ya mofa, pweza mkavu, na halua ya Wete katika vikapu vidogo vya ukindu. Alipotuaga alimtazama mumewe, kisha akanitazama mimi muda mrefu zaidi, na akaniombea salama. Nilijua analoliomba.

Wete tulikaa kuliko tulivyotaka, kwa sababu boti ilikuwa na maradhi ya mashine. Kila tukiambiwa ni baada ya adhuhuri, inakuwa baada ya alasiri, na ikiwa baada ya alasiri inakuwa kesho. Mimi sikuona tabu. Nilipata jamaa wa kusali nao na mahala pa kunyoosha mgongo. Kombo ndiye aliyetaabika, maana bandarini anajulikana.

Mpagazi mmoja alimwona, akauliza kwa sauti ya kusikika na wote, "Kombo Ndege, unakwenda kuwatazama wenzio?"

"Nnakwenda kuwasalimia," Kombo akamjibu. "Niwapelekee salamu zako?"

"Waambie wakija huku waje na rangi yao. Usiwaletee watu yangeyange."

Watu wakacheka, na Kombo akacheka nao kidogo, kama mtu anayelipa ushuru aliouzoea. Kisha akaja kukaa karibu yangu, akawa anakaza kamba ya kikapu ambayo haikulegea.

Boti ilipopona tuliondoka, na bahari ikanifanyia mimi, mtoto wa kisiwa, yale inayowafanyia watu wa bara. Nilitapika mpaka nikaona haya. Kombo alinishika mabega, akinisomea dua nilizomsomesha mimi mwenyewe katika chuo changu cha Kurani miaka mingi iliyopita, na mahala alipokosea sikuwa na nguvu za kumsahihisha. Nadhani Mwenyezi Mungu alizipokea hivyo hivyo.

Tanga mpaka Arusha

Basi lilitubeba salama mpaka tukaiacha milima ya Usambara nyuma yetu, kisha likazimika katikati ya mikonge. Fundi aliingia chini yake asubuhi, na mpaka jua linasimama kichwani tulikuwa tunaiona miguu yake tu.

Karibu yetu alikaa mama mmoja mnene, mchangamfu, mfanyabiashara wa vitunguu, aliyejiita Mama Neema. Alitugawia ndizi za kuchoma, nasi tukampa halua. Alipokwisha kulamba vidole akauliza tunatoka wapi, nikamwambia Pemba. Akaacha kulamba.

"Pemba," akasema polepole. "Kumbe nyie ni waganga."

"Mimi ni mwalimu wa chuo, mama. Nasomesha watoto."

"Mganga wa kweli hajitangazi."

Nilimweleza kwa upole kwamba Pemba kuna wakulima na wavuvi na walimu kama kwingine, na kwamba sisi tunamtegemea Mungu peke yake. Akanikubalia kwa kichwa, kama mtu anayemwachia mwenzake siri yake. Punde dereva akapanda kujaribu mashine. Mimi, kwa mazoea yangu ya kila siku, nikasema bismillahi. Basi likawaka.

Abiria wote wakageuka.

"Ni fundi," nikasema. "Mtu yupo chini ya gari toka asubuhi."

"Fundi ameanza asubuhi," Mama Neema akasema. "Wewe umeanza sasa hivi."

Toka hapo mpaka Arusha hatukuwa na raha tena. Mmoja aliniuliza dawa ya duka lisilouza, mwengine dawa ya mke mkali. Kombo alifurahi kuliko siku zote. "Umeona, Maalim," akaninong'oneza, "weye unasema kweli, na gari zima halikuamini." Nilikaa na maneno hayo njia nzima. Aliyasema kwa mzaha, lakini yeye alikuwa amekaa katika gari hilo zaidi ya miaka ishirini.

Arusha mpaka Katesh

Arusha kulikuwa na baridi, nikavaa kanzu mbili. Asubuhi yake tukapanda basi jengine, la rangi ya vumbi nje na ndani. Njia ilitutoa penye migomba ikatuingiza nyikani.

Sisi tumezaliwa kwenye vilima na mikarafuu, jicho letu haliendi mbali ila likitazama bahari. Hii ilikuwa bahari ya majani makavu, ya rangi ya mkate, imetulia mpaka inapogusana na mbingu. Nikawaona swala wamesimama kwa makundi, wote wakitazama upande mmoja. Nikamwona mbuni na majike wake wakikimbia sambamba na basi, shingo imesimama, mabawa yamefunguliwa kidogo kama mtu aliyeinua kanzu isilowe. Nilicheka peke yangu. Nikasema, huyu naye ni ndege na hapai, na lau ningelimweleza mtu wa Mtambile asiyewahi kumsikia, angeniambia nini?

Mlima Hanang ulipotokea, peke yake, kichwa ndani ya wingu, Kombo aliondoa kofia. "Upo pale pale," akasema, kana kwamba alikuwa na shaka na mlima pia.

Katesh tulifikia nyumba ya wageni ya Bi Zuhura, Muislamu mwenzetu, mtu wa Kondoa. Alitupikia ugali wa mtama na mlenda. Mlenda ule ulikuwa ukinikimbia kila nikiuchota, na Bi Zuhura akanifundisha namna ya kuukata kwa kidole kama uzi. Chakula kilikuwa kizuri, na mwenyeji alikuwa mzuri zaidi. Kombo akaanza kuuliza kila aliyeingia: ndege wekundu, wapo msimu huu? Kila aliyeulizwa akawa anamaliza chai yake na kuondoka.

Mwisho Bi Zuhura akaja kukaa nasi, akateremsha sauti. "Wazee wangu, kondakta wenu amesikia kwa mwenzake wa basi la Tanga kwamba nyinyi mmeliwasha gari kwa maneno. Sasa mnauliza ndege wekundu. Watu wanataka kujua hao ndege ni wa kazi gani. Ni manyoya mnayoyataka, au damu?"

Nilimwapia kwamba tunataka kuwatazama tu.

"Kutoka Pemba," akasema, "kuja kutazama."

"Ndiyo."

Alinihurumia. Alikuwa mtu mwema, akataka sana kuniamini.

Ziwa jeupe

Mwenye gari la chumvi ndiye aliyekubali kutuchukua mpaka ziwani. Tulizunguka mlima, tukateremka bondeni, na Kombo alikuwa ameshika ubao wa gari kwa mikono miwili, anatazama mbele tu. Kisha gari likasimama.

Hapakuwa na ziwa. Palikuwa na uwanda mweupe unaoumiza macho, umepasukapasuka kama sahani ya zamani, na upepo ukiinua vumbi la chumvi. Hapana maji, hapana ndege, hapana hata nzi.

"Mwaka huu hakuna mvua," mwenye gari akasema. "Wamehama. Labda Manyara, labda Natroni. Wale hawana kwao."

Kombo alishuka akatembea juu ya ule weupe, mbali, mpaka akawa mdogo. Nilimfuata kwa fimbo yangu. Nilimkuta ameinama, ameokota unyoya mmoja uliogandamana na chumvi. Alipoufuta kwa kanzu yake, ukatoa wekundu hafifu pembeni.

Akanionesha.

"Nimeuona," nikasema. "Nitasema nimeona unyoya."

"Na korongo?"

"Korongo sikumwona, shemegi."

Alitikisa kichwa polepole. "Watasema nimeuchovya kwenye rangi ya ukindu, ya Bi Time ya kusukia mikeka." Akaufungua mkono, upepo ukauchukua.

Nakiri kwamba ulimi ulikuwa mzito katika kinywa changu. Ni jambo jepesi kuahidi ukweli ukiwa barazani kwako. Lakini nilijua nikirudi nikasema nimeliona ziwa kavu, basi Kombo amezikwa, na aliyemzika ni mimi, ndugu wa mkewe, na kwa neno langu linalochukuliwa.

Jioni, tuko tena kwa Bi Zuhura, akasema turudi Pemba. Nikamwambia tusubiri kidogo, Mungu hakutuleta hapa kutuonesha chumvi, chumvi tunayo nyumbani. Akasema, "Basi kesho usiulize ndege. Neno hilo limetuharibia. Uliza korongo."

Nikaona ni shauri zuri. Muda ule ule aliingia mtu mmoja kunywa chai, mrefu, amejifunga shuka nyekundu, jina lake Gidahoda. Alikuwa Mbarabaig, mfugaji, na kiangazi huchota chumvi. Nikamkaribisha halua.

"Tunatafuta korongo wekundu," nikamwambia.

"Korongo nyekundu?"

"Wekundu."

"Iko," akasema.

Kombo akaweka kikombe chini. "Wako?"

"Iko, mzee. Upande ule wa ukuta wa bonde."

"Wengi?"

"Iko moja tu. Lakini kubwa."

Kombo akanishika mkono. "Hata mmoja, Maalim. Ushahidi si wingi." Kisha akamgeukia. "Hataondoka kabla hatujafika?"

Gidahoda alimtazama kwa mshangao. "Itaondoka iende wapi? Iko pale toka babu yangu."

"Korongo huishi sana," Kombo akanielezea.

Nami, niliyesomesha watu sarufi, nikaipitisha ile "iko" yake. Nilisema moyoni, watu wa bara kila kitu kwao ni iko, mtu iko, ng'ombe iko, Mungu awasamehe. Nikalala kwa furaha.

Korongo

Tulitoka baada ya alfajiri, na Gidahoda mbele. Alitembea kama anayeteleza, nasi nyuma tukihema. Kila tukipumzika Kombo alikuwa wa kwanza kusimama. "Chwende," akisema, na Gidahoda akiuliza, "Nini hiyo?" Nikamwambia ni twende. Akalipenda neno, akawa analisema yeye kwa ng'ombe tuliowapita njiani. Tuliwaona pundamilia wachache mbali, na ndege waitwao mwari wakizunguka juu sana, na kila ndege aliyekuwa angani Kombo alimtazama rangi.

Jua lilikuwa limeshapanda sana Gidahoda aliposimama, akanyoosha fimbo.

"Korongo hii," akasema.

Mbele yetu ardhi ilikuwa imechanika. Lilikuwa bonde jembamba, refu, lililochimbwa na mvua za miaka, kuta zake zimesimama wima, na udongo wake mwekundu, mwekundu kweli.

Tulisimama pale. Kombo alitazama lile shimo, akamtazama Gidahoda, akanitazama mimi. Mimi ndiye mwalimu, nikaelewa wa kwanza. Kwao bara, korongo ni mto uliokauka.

"Si mlisema nyekundu?" Gidahoda akauliza. Aliziona nyuso zetu, na alikuwa na wasiwasi wa mtu aliyetimiza ahadi yake na haoni shukurani.

"Ni jekundu," nikamwambia. "Umetuambia kweli tupu. Na kubwa, na ni moja, na haliondoki."

Kombo akakaa chini juu ya vumbi. Nilidhani analia, kumbe anacheka, kicheko cha kuchoka kinachotoka tumboni. "Maalim," akasema, "sasa nitaitwa Kombo Shimo." Nami nikacheka, Mungu anisamehe, mpaka nikashika mbavu, na Gidahoda akacheka kwa kutuona sisi.

Kicheko kilikwisha. Wakati wa adhuhuri ulikuwa umeingia. Kombo akapiga viganja vyake juu ya udongo, tayari kutayamamu kwa vumbi kwa kuwa maji hatuna.

"Ngoja," nikamwambia. Nikamuuliza Gidahoda kama karibu pana maji.

"Maji iko. Mwisho ya korongo, inatoka chini ya mawe. Lakini chumvi. Hata ng'ombe inakataa."

"Sisi tumezaliwa ndani ya chumvi," nikasema. "Shemegi, inuka. Maji yapo, tayamamu haisihi."

"Maalim, na miguu hii?"

"Na miguu hiyo hiyo."

"Mungu anaona tumechoka."

"Anaona. Na sisi tunajua maji yapo. Chwende."

Aliinuka, si kwa kupenda. Tukateremka ndani ya lile korongo, tumeshikana mabega, kuta nyekundu kushoto na kulia, na joto limekaa ndani yake kama kwenye tanuri la mofa. Tulikwenda. Mara nikasimama, kwa sababu niliinusa Pemba. Ndugu zangu, siwadanganyi: ilikuwa ile harufu ya matope ya mikokoni, bahari ikiwa imetoka. Kombo naye ameshainusa. Kisha tukasikia sauti, kama ya wanawake wengi wanaosema kwa pamoja katika nyumba ya harusi, nawe uko nyumba ya tatu.

Kombo aliniachia bega. Mtu aliyelalamikia miguu alikwenda mbele yangu kama kijana.

Korongo liliishia penye mawe, na chini ya mawe mlitoka chemchemi, na chemchemi ilikwenda ikatanda ikafanya maji mapana, yaliyofichwa na ukuta wa bonde kwa yeyote anayelitazama ziwa kutoka barabarani. Na juu ya maji yale walisimama.

Mnaijua karafuu iliyochelewa kuchumwa, inavyoanza kupiga wekundu kutoka kwenye kikonyo? Ndiyo rangi yao. Wengine wamekolea, wengine ndiyo kwanza wanaanza, na waliokuwa mbali walikuwa wameshikana wakawa utepe mmoja unaotetema. Maji sikuyaona. Kombo alikuwa amesema hata maji hayaonekani, na maji hayakuonekana.

Nilitazama kama anavyotazama shahidi, kipande kwa kipande, ili nisije nikaulizwa nikababaika. Niliona wanakula kichwa chini juu. Niliona magoti yao yanapinda kwa nyuma. Kundi moja lilipoinuka, niliona chini ya mbawa zao mna weusi, na katikati ya weusi na weupe mna wekundu wa moto. Nikamtukuza Mola wangu anayewashikilia pale juu bila ya nguzo.

Kombo hakugeuka. Aliniuliza akiwa amenipa mgongo, na sauti yake ilikuwa ndogo.

"Maalim, unaona nini?"

"Nashuhudia," nikasema, "kwamba naona korongo wekundu, kwa macho yangu, mchana, wengi hata maji hayaonekani."

Mabega yake yakashuka. Sijui neno jengine la kulieleza. Yalishuka kama ya mtu aliyetuliwa gunia.

Gidahoda alikuwa amefika nyuma yetu. "Hiyo si korongo," akatusahihisha. "Hiyo ni flamingo. Korongo ni ile mlipita."

"Mbona hukutuambia kuwa wapo?" nikamuuliza.

"Hamkuuliza flamingo. Mliuliza korongo."

Tukatawadha kwa maji yale ya uvuguvugu na chumvi. Ndege walisogea mbali kidogo, kama majirani wanaowapisha wageni, kisha wakaendelea kula. Nikasalisha. Kombo alisujudu sijida ya mwisho, nikatoa salamu naye bado yuko chini, na mimi sikumharakisha.

Kurudi Mtambile

Kurudi kulikuwa na tabu zake, na sina haja ya kuzitaja, maana Kombo hakuiona hata moja. Basi lilipozimika alilala. Boti ilipochelewa alisimulia watu habari za mbuni. Wete mpagazi wetu akamuuliza kama wenzie wamemjibu salamu. "Wamekujibu," Kombo akasema. "Wanauliza weye utakwenda lini."

Bi Time alitupokea mlangoni. Hakumuuliza mumewe, aliniuliza mimi. "Umewaona?"

"Nimewaona."

Alikaa juu ya kibao cha mbuzi ya nazi. "Mie nilimwamini toka zamani," akasema. "Nilikuwa nachoka kumwamini peke yangu."

Ijumaa, watu walipokwisha kusali, niliomba ruhusa nikasimama, nikatoa ushahidi wangu kama nilivyoutoa kule ziwani, na magoti, na weusi wa chini ya mbawa. Sikuongeza. Baadhi walitazamana. Mmoja akasema pengine ni jua la bara na macho ya uzee. Mzee Bakari hakucheka, alikuwa anazungusha tasbihi yake. Nikakaa. Shahidi husema, kisha hukaa.

Shaabani ikafika ishirini na tisa. Tulipanda kilimani baada ya magharibi, na mbingu ilikuwa na utando. Tulitazama mpaka shingo zikauma. Wengine walikuwa wameanza kuteremka.

"Nauona," Kombo akasema.

Waliokuwa wakiteremka wakasimama. Nilimsikia mtu mmoja nyuma yangu anavuta pumzi, kama anayejiandaa kusema lile neno lililozoeleka. Hakulisema.

"Wapi?" Mzee Bakari akauliza.

Kombo akanyoosha mkono, juu ya minazi, mahala utando ulipopasuka. Mzee Bakari akatazama, akafinya macho, akatikisa kichwa. "Mimi sioni." Akanigeukia. "Maalim, weye umeuona?"

"Sikuuona," nikasema. "Macho yangu yana ukungu. Kombo ameuona."

Mzee Bakari akatengeneza kofia yake, akamkabili shemegi yangu, na kwa mara ya kwanza toka nilipokuwa kijana nikamsikia anamwita kwa jina alilopewa na baba yake.

"Kombo bin Shaame. Unashuhudia kwamba umeuona mwezi?"

"Nashuhudia."

"Basi kesho tunafunga," Mzee Bakari akasema, akageuka kuwaambia watu.

Nawe uliyenisoma mpaka hapa, Mwenyezi Mungu akufikishe salama kila uendako, akuoneshe mema uliyoambiwa hayapo, na siku utakaposema kweli akuwekee mtu mmoja wa kusimama pamoja nawe. Amin.